Mikono Iliyoshonwa ya Birikani

Niliingia Birikani siku ambayo mji mzima ulikuwa ukicheza ngoma kwa sababu mtu ameuawa. Nimetembea nchi nyingi. Nimeona watu wakishangilia mvua, mavuno, arusi na mwezi mwandamo, lakini sikuwa nimeona vikongwe wakipiga vigelegele kwa ajili ya maiti. Wanaume walirusha kofia juu. Wanawake walivaa kanga mpya, na kila mmoja alibandika kifuani kisu kidogo cha bati, kama pambo. Mtu nisiyemjua alinikumbatia, akanitia kipande cha halua mdomoni.

"Kula, mgeni! Bwana Mfuniko kafa!"

Nikala. Halua ilikuwa tamu, na furaha ya umati huambukiza. Kabla sijajua huyo Bwana Mfuniko ni nani, nilikuwa nimeshapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Sasa nieleze nchi yenyewe, maana bila hivyo hamtaamini yaliyofuata. Jua la Birikani ni kali kuliko la kwetu, na huwatia watu ugonjwa wanaouita homa ya jua. Ngozi huchemka, midomo hupasuka, na mgonjwa asipotoswa kwenye maji mengi ya baridi, anakufa. Hakuna nyumba yenye maji ya kutosha. Ndiyo maana mababu wao walijenga katikati ya mji Birika Kuu, la mawe, pana kama uwanja, wakakubaliana kila nyumba imimine mtungi wake humo kila asubuhi, na siku mtu akiugua, atoswe. Leo wewe, kesho mimi. Nilipoelezwa hayo nilisisimka mwili mzima. Nilijiambia kwamba watu hawa wametuzidi akili, na kwamba nikirudi kwetu nitasimama sokoni nihubiri habari zao.

Lakini maji mengi yanahitaji mfuniko, na mfuniko unahitaji mtu wa kuusimamia. Hivyo pakawa na Bwana Mfuniko, na chini yake wakawapo Wapima Joto, ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba anayetoswa ni mgonjwa wa kweli. Ukutani mwa Birika kuna tundu la kumiminia, na hilo halifungwi hata siku moja. Mfuniko ndio unaofungwa. Kila mwaka Bwana Mfuniko huwaalika wananchi waje watazame jinsi Birika lilivyojaa, nao hupiga makofi kwa fahari. Niliambiwa hata wagonjwa walioletwa kwenye machela hupiga makofi, wale wenye nguvu.

Nilifikia kwa Bi Tunu, mfinyanzi wa mitungi, mwanamke mrefu mwenye udongo mpaka kwenye viwiko na ulimi usiomngoja mtu. Nyumba yake ndiyo pekee mtaani ambayo haikuwa na ngoma. Ndani, juu ya jamvi, alilala binti yake Shemsa, mtoto wa miaka saba. Nilimgusa paji la uso nikaondoa mkono haraka.

"Hajapelekwa kwenye Birika?" niliuliza.

"Nimempeleka," alisema Bi Tunu huku akimpepea. "Mpima wa kwanza akasema ni kweli mtoto ana joto, lakini je, hakuwa na joto kabla hajapata joto?"

"Sikuelewi."

"Mimi nilimwelewa basi? Akaniambia kila kiumbe huzaliwa na joto. Shemsa alizaliwa hai. Kwa hiyo joto lake ni la zamani, na Birika halitibu joto la zamani. Nikaenda kwa mpima wa pili. Huyo akasema angempokea, ila mgonjwa anatakiwa afike kwa miguu yake. Nikamwambia, bwana, mtoto hawezi hata kukaa. Akasema, basi huyo kazidiwa, na Birika ni la watu watakaopona."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka kwa sauti, kwa sababu nilidhani ananitania. Kisha nikamtazama usoni, kicheko kikakatika.

Jioni hiyo hiyo Wapima Joto walipita barabarani, wakienda msibani, nikaona jambo lililonifanya nibaki mdomo wazi. Kanzu zao zilikuwa nyeupe, zenye darizi ya dhahabu shingoni, na mikono ya kanzu hizo ilikuwa imeshonwa kwenye ncha. Hakuna kidole kilichoonekana. Watumishi waliwapangusa jasho, wakawafukuzia inzi, na mmoja wao alilishwa embe njiani kama mtoto mchanga.

Bi Tunu alinieleza. Sheria ya kwanza ya Birikani, iliyochongwa juu ya mlango wa baraza la hukumu, inasema: KUUA NI KWA MKONO. Asiyetumia mkono hajaua. Kwa hiyo kila mtu mwenye cheo kwenye Birika, siku ya kuapishwa, mama yake mzazi humshonea mikono ya kanzu mbele ya watu, ili ijulikane kwamba mikono yake haina hatia na haitakuwa nayo. Mfuniko huvutwa na watumwa wa serikali, na kuwaambia wasiuvute hakuhitaji mkono, kunahitaji mdomo tu.

"Na muuaji wa kweli, aliyeua kwa mkono, anafanywaje?" niliuliza.

"Anashonwa mikono ya kanzu, maisha yake yote. Anayemshona ni mama wa marehemu."

"Lakini hiyo si ndiyo kanzu ile ile ya wakubwa?"

Bi Tunu alinitazama kama mtu anayemvumilia mjinga. "Ya wakubwa ina darizi," alisema.

Yule Bwana Mfuniko aliyeuawa aliitwa Bwana Nasibu. Aliyemuua aliitwa Haridi, mhunzi, kijana mpole ambaye watu walimjua kwa kutengeneza bawaba zisizolia. Mama yake Haridi alipata homa ya jua, akapelekwa kwenye Birika, na alipokuwa akisubiri kivulini ajibu swali kuhusu joto lake la utotoni, akafa. Haridi akarudi kwenye kiwanda chake, akatengeneza kisu. Asubuhi ile, kweupe, Bwana Nasibu alipokuwa akipanda ngazi za Birika, Haridi alimfuata akamchoma kifuani. Waliokuwepo walisema Bwana Nasibu hakukishika kisu kujikinga. Angekishikaje?

Mji ukalipuka. Kufikia adhuhuri palikuwa na nyimbo nne za Haridi. Watoto walicheza mchezo wa Haridi uchochoroni, wakagombana kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa Mfuniko, mwishowe wakamfanya mbuzi. Nami, kwa vile nilikuwa bado nimechemka kwa ile halua na hadithi ya joto la zamani, nilimwambia Bi Tunu kwamba mtu huyu amefanya walichotamani wote, na kwamba laiti ningekuwa mwenyeji ningevaa kisu cha bati.

"Vaa," alisema. "Vipo sokoni." Kisha akaacha kupepea. "Mgeni, nikwambie kitu. Mpima wa tatu alikubali. Nilimlilia, nikagaragara miguuni pake, akasema ndiyo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya Shemsa. Tulikuwa chini ya ngazi, nimembeba, tunangoja tuitwe. Haridi akanipita hivi, bega kwa bega."

Niliuchukua upepeo mkononi mwake, nikampepea mtoto.

"Bwana Mfuniko akifa, Birika halifunguliwi mpaka apatikane mwingine. Hiyo ni kesho. Na mpya akiapishwa, tendo lake la kwanza ni kumkatalia mgonjwa wa kwanza atakayeletwa, awe nani awaye, ili wananchi wajue maji yao yako salama. Wanaita Hapana ya Ufunguzi. Watu hupiga na tarumbeta."

"Basi ngoja awe wa pili!"

"Na wa kwanza atakuwa nani? Kila mwenye mgonjwa amejifungia ndani anamngoja mwenzake. Wanaweza kungojeana siku kadhaa. Mwangalie huyu. Unaona siku kadhaa hapo?"

Kesi iliwekwa kesho yake asubuhi, uwanjani mbele ya Birika, kabla ya kuapishwa Mfuniko mpya. Nilikwenda na Bi Tunu, Shemsa mgongoni kwake. Sijaona umati kama ule! Watu walikaa juu ya mapaa, juu ya kuta, juu ya mabega ya wenzao. Hewa yenyewe ilitetemeka. Haridi alisimama katikati, amefungwa kamba kiunoni, na kila alipogeuza kichwa watu walipiga kelele za kumtukuza. Hakuonekana kuzisikia. Mwamuzi, mzee mnene aliyekuwa akijipepea kwa upepeo wa ukili, aliwaomba wasemaji waseme.

Alianza Bwana Adibu, msemaji wa Birika. Alikuwa na sauti nzuri, na ninakiri alisema mengi yenye maana. Alisema mji ambao kila mwenye uchungu anajitengenezea hukumu karakanani mwake, si mji tena. Alisema leo kisu kimemfuata Bwana Nasibu, kesho kitamfuata mwenye duka aliyekataa kukopesha, na keshokutwa mwalimu aliyemfelisha mtoto. Alisema marehemu alipenda njiwa na alikuwa na mama.

"Na mama yangu mimi?" alipiga kelele mtu juu ya paa. "Kafa hapo hapo kwenye kivuli!"

"Huyo alifariki," alisema Bwana Adibu kwa upole. "Bwana Nasibu ameuawa. Tofauti ni mkono."

Loo, makelele yaliyozuka! Viatu vilirushwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama juu ya pipa bila kujua nimepandaje. Mtetezi wa Haridi, mwanamke mfupi aliyezungumza haraka haraka, alingoja mpaka pakatulia.

"Nyumba inaungua," alisema. "Ndani mna watu. Nje kuna mtu kauegemea mlango kwa mgongo. Hatumii mkono. Aliye ndani akimpiga kupitia upenyo ili atoke, mtamwita muuaji?"

"Hapana!" uliitikia uwanja mzima, na mimi nikiwemo.

Bwana Adibu hakutikisika. "Na baada ya kumpiga, mlango ulifunguka?"

Mtetezi aligeuka akautazama mfuniko.

"Nauliza tu. Jana Haridi alipiga. Mfuniko ukafunguka? Kuna mgonjwa hata mmoja aliyetoswa tangu jana?"

Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, nilisikia kimya. Hakikudumu. Mtu alipiga kelele kwamba angalau sasa wanaogopa, mwingine kwamba hawaogopi, wameongeza walinzi, na wawili hao wakaanza kukunjana. Mwamuzi akagonga kigoda chake, akamwita mama wa marehemu, kwani desturi humpa haki ya kusema.

Alitoka Bi Raya, kikongwe mdogo aliyejifunika kaniki, kashika kikapu chake cha ushonaji, maana alijua huenda siku ile angetakiwa kushona. Baadhi ya watu walizomea. Nilitarajia atamlaani Haridi. Hata Haridi alitarajia, kwa maana aliinamisha kichwa.

"Nilimshona mwenyewe," alisema Bi Raya. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakanyamazishana. "Siku ile nilijivuna. Nikasema mwanangu asije akaaibika, mshono ukafumuka mbele ya watu. Nikashona kwa uzi maradufu. Jana walipomleta nimwoshe, nikakuta mkono wa kulia umechanika kidogo hapa, kwa ndani. Alijaribu. Alijaribu kuutoa mkono wake ajikinge, ukakwama kwenye mshono wangu." Akakikumbatia kikapu chake. "Kama ningeshona legelege, angekuwa hai. Na nyie mnaozomea, zomeeni, lakini mimi namlilia, kwa sababu sikumzaa akiwa mfuniko."

Hakuzomea mtu. Hapo ndipo niliposikia kando yangu pumzi ikivutwa kwa nguvu. Bi Tunu alikuwa ameketi chini na Shemsa mapajani, akimtazama yule kikongwe kwa macho yaliyofunguka wazi, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

Mwamuzi akasema hukumu itatolewa baada ya kiapo, kwa kuwa nchi haiwezi kukaa bila Mfuniko. Tarumbeta zikalia. Akaletwa Bwana Shaali, mtu wa makamo mwenye uso mwema, kanzu yake ikimetameta, mikono imeshonwa asubuhi ile ile. Mtangazaji akaita mgonjwa wa kwanza. Watu walitazamana. Hakuna aliyesogea.

Bi Tunu akainuka na mwanawe, akapita katikati ya umati.

"Tunu, rudi!" wanawake walimwambia. "Tunu, utamuua mtoto!" Yeye akapanda ngazi, akamlaza Shemsa juu ya jiwe, chini ya miguu ya Bwana Shaali. Mtoto hakulia. Alikuwa amepita mahali pa kulia.

Bwana Shaali akakohoa, akafungua kinywa chake kusema neno lililomleta.

"Ngoja," alisema Bi Tunu. "Mheshimiwa Mwamuzi, nina swali la sheria. Mkono wa kanzu kushonwa, ni sheria au ni heshima?"

Mwamuzi akafikiri. Upepeo ukasimama hewani. "Ni heshima," alisema hatimaye. "Sheria haikusema."

"Basi mimi sitaki kukatazwa kwa heshima. Nanyi wenzangu, jana mliniuliza kama nilifurahi. Nilifurahi! Damu ilimwagika karibu na miguu yangu, nikafurahi, kisha nikamwangalia huyu, bado anachemka. Haridi, mwanangu, nilikuwa nimembeba ulipopita. Sikuja kuomba damu pale. Nilikuja kuomba maji." Akamgeukia Bwana Shaali. "Na wewe, bwana, utakataa. Sawa. Lakini ukatae kwa mikono. Ifumuliwe hiyo kanzu, uweke viganja vyako juu ya mfuniko, ukandamize, mpaka mwanangu akate roho. Halafu tumuulize Mwamuzi, ile sheria pale mlangoni inasemaje."

Bwana Adibu alisimama kupinga, akakaa tena. Walinzi walimtazama Mwamuzi, Mwamuzi akautazama mlango wa baraza lake, zile herufi kubwa, midomo yake ikizisoma upya. Hakukataza.

Lakini nani angethubutu kumgusa mkubwa? Uwanja mzima, watu wote wale wenye visu vifuani, walisimama kama miti. Kisha tukasikia mkongojo kwenye ngazi. Bi Raya alikuwa akipanda, hatua kwa hatua, na kikapu chake.

"Lete mkono, mwanangu," alimwambia Bwana Shaali.

Naye akautoa. Kikongwe akaketi, akauweka gotini kwake, akatafuta ncha ya uzi kwa ukucha, akavuta. Uzi ukatoka mrefu, mzima, bila kukatika, kwanza wa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Vikatoka viganja viwili vyeupe, vya kawaida kabisa. Bwana Shaali alivitazama kama vya mtu mwingine. Bi Tunu akamshika vifundo vya mikono, akavilaza viganja juu ya mfuniko.

"Haya," alisema. "Sema."

Sijui tulingoja kwa muda gani. Shemsa alivuta pumzi, ikakwama, akavuta tena. Bwana Shaali aliangalia mikono yake, akamwangalia mtoto, akaangalia tena mikono yake. Nadhani alikuwa mtu mwoga, na sijui hata leo kama aliogopa sheria, au umati, au alikuwa ameona tu kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akikishikilia. Lakini neno halikutoka. Viganja vikashika ukingo, mgongo wake ukajikunja, akapiga ukelele wa kuvuta, na mfuniko ukasogea kwa mlio wa jiwe juu ya jiwe.

Kelele zilizopigwa siwezi kuziandika! Watu walimiminika ngazini, mikono mingi ikasaidia kusukuma. Birika lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maji ya kijani kwa kutotumika. Bi Tunu akaingia na nguo zake zote, Shemsa kifuani, wakazama mpaka shingoni. Nilishuka kutoka kwenye pipa, nikajikuta nalia na kucheka pamoja, nikimkumbatia mtu niliyekuwa nimemkanyaga muda mfupi kabla. Na barabarani, kutoka kila nyumba, milango ilianza kufunguka, na wagonjwa wakaletwa juu ya majamvi, juu ya migongo, juu ya milango iliyong'olewa.

Katika furaha ile tulimsahau Haridi.

Alikuwa amesimama pale pale, na kamba yake. Hakuna aliyekuwa akimwimbia tena. Mwamuzi alishuka mwenyewe mpaka alipo, akatamka hukumu kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikiliza: aliua, na aliua kwa mkono. Akasema pia kwamba kabla ya kesho ataita watu, waangalie upya mkono ni kitu gani. Kisha akaagiza kanzu ya muuaji iletwe, ile isiyo na darizi.

Haridi akavalishwa. Bi Raya akaja polepole, akaketi kwenye ngazi ya mwisho. Nilikuwa karibu, nikaona kwamba kikapu chake hakukifungua. Aliuchukua ule uzi alioutoa kwa Bwana Shaali, aliokuwa ameuzungushia kidole, akautunga kwenye sindano. Macho yake yalikuwa yamefifia. Ilimchukua majaribio mengi.

Bi Tunu akapita hapo, maji yakimchuruzika, mtoto begani. Haridi akanyoosha shingo.

"Mama, amepoa?"

"Amepoa," alisema Bi Tunu, akasimama. Akaugeuza uso wa Shemsa ili Haridi auone.

Haridi aliutazama muda mrefu. Kisha akapiga magoti mbele ya Bi Raya, akampa mikono yote miwili, viganja juu. Kikongwe akaishika. Nilidhani ataikataa kazi ile, na moyoni nilikuwa nikimwomba aikatae. Akaikunja ncha ya kanzu juu ya vidole vile vya mhunzi, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto, akaanza kushona, na alishona kwa uzi maradufu.